Lazima Pini Asikie Jina Lake

Jumatatu, 4 Machi

Habari njema! Redio imekikubali kitabu changu. Kitakuwa mchezo wa kuigiza, kila Jumamosi mchana. Studio iko ghorofa ya juu na mimi niko hapa chini kwenye duka la fotokopi, kwa hiyo umaarufu umenifuata mpaka kazini. Nilipofika nyumbani nikamwambia dada. Akasema hongera, na je, nimekumbuka sabuni. Sikukumbuka.

Umaarufu wenyewe siutaki. Namtaka Pini. Jina hilo nilimpa mimi, kwa sababu alikuwa akishona amebana pini mdomoni na bado anaongea. Hakuna mwingine aliyemwita hivyo. Alikaa akingoja nitamke neno, mimi nikawa naandika kitabu, akahamia mji mwingine kwa shangazi yake. Kilipochapishwa nilimtumia nakala. Kimya. Na angekisoma saa ngapi? Fundi cherehani macho yake yapo kwenye mshono kutwa. Lakini masikio yako huru! Sijawahi kumwona akishona bila redio. Siku mhusika wangu atakapoitwa Pini hewani, atajua ni nani anayemwita.

Nimemkumbuka mno leo. Nimemtolea mteja nakala za cheti cha mtu mwingine.

Jumanne, 5 Machi

Balaa! Mtayarishaji kanibadilishia jina. Pini sasa ni Waridi! Nilipanda ngazi mbio nikamuuliza, huku nahema, Pini amekosa nini. Akasema kosa lake ni ile sauti ya mwanzo, ile P. Kwenye kitabu haina neno, ila kwenye maikrofoni inalipuka. Akamwambia Fundi Mitambo anivalishe vile visikilizio vya masikioni. Sauti Nene, mwigizaji wa shujaa wangu, akasogeza mdomo na kusema: "Pini, mpenzi." Masikio yangu yanavuma mpaka sasa.

Nikamwambia akina Waridi wako kila mtaa. Akasema ndiyo maana msikilizaji hatapata shida kumkumbuka. Nikasema basi mwigizaji ajifunze kuongea taratibu. Sauti Nene akanitazama kama nimemtukania mama. Simpendi. Ningekuwa na sauti ile, Pini asingehama.

Jumatano, 6 Machi

Nimempelekea Fundi Mitambo keki ya dada ili airekebishe mitambo. Akaila yote, akafuta vidole, akasema mitambo haina tatizo. Dada anatafuta keki yake. Nimemwambia panya wamezidi.

Alhamisi, 7 Machi

Nilikuwa nahangaika bure! Miswada yote ya redio inafotokopiwa hapahapa, kwa mikono yangu mwenyewe. Wa mchezo wetu umeletwa asubuhi. Nikafunga mlango, nikabandika karatasi kwamba nimeenda kula, nikachukua wino mweupe. Kila penye Waridi nikafuta, nikaandika Pini. Kisha nikatoa nakala safi za waigizaji wote.

Mgongo unauma. Lakini kuliandika jina lile ukurasa baada ya ukurasa, jamani! Muda mrefu sijamwita mtu hivyo, maana mwenyewe hayupo. Nikajikuta nalisema kwa sauti. Mteja aliyekuwa dirishani akauliza kama niko salama.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeumbuka. Sauti Nene, kwa kiherehere chake, alikuwa amejichukulia nakala kwa mtayarishaji kabla mswada haujaletwa kwangu, na kuikariri nyumbani. Kwenye mazoezi akamlilia Waridi. Mwigizaji wa kike akajibu kwamba Pini yuko hapa. Sauti Nene akauliza Pini ndiye nani tena. Ubishi ukazuka. Mtayarishaji akaitisha mswada wenyewe, akaukwangua wino kwa ukucha, akashuka ngazi. Nikajificha nyuma ya mashine. Mashine yenyewe fupi.

Hakunifokea. Afadhali angefoka. Aliniuliza tu Pini ni nani. Nikamweleza yote. Akasema jina linaweza kubaki endapo litatamkwa mbali na maikrofoni. Nafasi ya namna hiyo iko moja. Mbuzi wa jirani, anayeitwa kutoka uani.

Mbuzi! Nilikataa katakata. Mtayarishaji akaanza kupanda ngazi. Nikafikiri haraka. Jina likishaenda hewani limeenda hewani, alibebe nani alibebe. Nikamkimbilia nikakubali.

Jumamosi, 9 Machi

Mchezo umerushwa hewani! Tulikaa na dada mbele ya redio. Waridi akalia, Sauti Nene akabembeleza, wala sikuwajali. Nilikuwa namngoja mbuzi. Mara, kwa mbali, mtu akaita: Pini! We Pini, toka kwenye mboga!

Machozi yakanitoka. Niliwaza kwamba dakika hiyohiyo, kule aliko, mguu wake umeacha kukanyaga cherehani. Dada akaniangalia, akaiangalia redio, akauliza kama huyo ndiye yule binti niliyemzubalia. Nikasema ndiye. Akauliza, kwa upole kabisa, kama nimemfanya mtoto wa watu mbuzi. Kisha akaizima redio, akaenda kufua.

Jumatatu, 11 Machi

Kaka yake Pini ni kinyozi, ng'ambo ya barabara. Leo ameniita akiwa na wembe mkononi. Niliingia kwa tahadhari, nikasimama karibu na mlango.

Akasema dada yake amempigia. Kule kwenye chumba cha ushonaji walikuwa wakisikiliza wote. Mbuzi alipoitwa, dada yake alisimamisha cherehani, akacheka mpaka wenzake wakacheka kwa kumwona yeye anavyocheka. Halafu akatoka nje, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Ameagiza niambiwe jambo moja tu: namba yake ya simu ni ileile.

Nikauliza kama hakusema lingine. Kinyozi akasema, shemeji, lingine la nini? Shemeji! Nikakaa kitini mwenyewe, akaninyoa, na sikumbuki aliponigusa. Mchana kutwa simu ilikuwa mkononi. Namba yake sina haja ya kuitafuta, vidole vinaijua. Ninampenda. Nimeliandika hapa bila kufuta.

Jumanne, 12 Machi

Sikupiga. Nimetafakari kwa kina. Simu ni jambo la ghafla mno. Ataitika, ataniuliza nasemaje, na mimi nitamuuliza kama huko mvua inanyesha. Hapana. Jambo zito lina njia yake, na njia hiyo nimekwisha kuiona ikifanya kazi.

Nimeandika kipande kipya. Mbuzi anapotea! Anatafutwa mtaa mzima, asubuhi hadi jioni. Mtayarishaji alikisoma, akaniuliza kama simu yangu ni mbovu. Nikamwambia ni nzima, ina chaji. Akashusha pumzi. Vipindi vya mwezi huu vimejaa, anasema, labda ujao. Sina haraka. Nimemwomba mbuzi nimwite mimi mwenyewe. Nitasimama mwisho wa korido, mbali kabisa na maikrofoni, nipaze sauti: Pini, rudi nyumbani, mwenzio nimechoka kungoja!

Safari hii atanielewa.