Chungu Kimoja Kabla ya Alizeti

Jumatatu, 9 Juni

Namshukuru Mungu kwa afya, kwa mke na kwa studio. Hiyo ya tatu iko hatarini.

Mke wangu Kristina kaingia asubuhi na futi ya kupimia. Kapima ukuta hadi ukuta, kahesabu magunia kwa vidole, halafu akaniita Baba Witness. Akiniita Melki, mambo ni mazuri. Akitumia jina la mtoto, natafuta pa kukaa. Kasema hii si studio, ni ghala la alizeti, na alizeti inaingia Jumapili ya tarehe 22. Nikamwonyesha kibao cha mlangoni: MELKIZEDEKI, STUDIO YA UFINYANZI, KINAMPANDA. Kasema ni ubao mzuri, utatosha kabisa mlango wa banda la kuku.

Baada ya mazungumzo marefu tumeafikiana. Nikitoa chungu kimoja kabla ya siku hiyo, tutagawana chumba. Lakini niwe nimekifinyanga mimi, kipite motoni salama, na kishike maji tangu jioni hadi asubuhi. Tena kiwe na alama yangu, M, kwenye kitako. Sharti la alama limekuja kwa sababu mwaka jana nilinunua chungu mnadani Kiomboi nikasema ni kazi ya mikono yangu. Sikujua kwamba muuzaji anaimba kwaya moja na Kristina.

Mpaka leo nimefinyanga vyungu thelathini na kimoja. Vyote vimepasuka motoni. Nashukuru hata kwa hilo, maana vigae vikitwangwa huchanganywa kwenye udongo mpya, na sidhani kama Iramba nzima kuna mfinyanzi mwenye vigae kunizidi.

Mpango: kuiba ujuzi wa Bibi Agripina. Ana miaka sabini na vyungu vyake havipasuki. Nitajifanya nataka kumsaidia.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda kwa Bibi alfajiri. Nikampa shikamoo ya heshima zote, nikasema nimemwonea huruma, umri umekwenda, nije nimbebee udongo. Kaitikia marahaba, kasema alikuwa anajiuliza nitakuja lini kuiba. Halafu akanipa beseni.

Ana sharti lake moja, aliachiwa na mama yake. Anayebeba udongo hasemi neno tangu shimoni mpaka autue nyumbani. Akisema, udongo unamwagwa hapo hapo na anarudi kuchimba mwingine. Nilicheka moyoni. Kunyamaza nako ni kazi?

Tulikuwa nusu ya njia. Beseni kichwani, Bibi hatua kumi nyuma yangu. Mbele yetu akatokea mtu na begi. Mzee Alphonce, baba mkwe wangu! Kashuka basi kutoka Manyoni bila taarifa, amekuja kusaidia kuvuna.

Niandike hapa huyu mzee ni mtu wa namna gani. Ni mstaafu wa reli. Kuna kijana alipeleka posa kwake akasema habari za leo badala ya shikamoo. Posa ilirudishwa siku ile ile. Nafasi yake nikaichukua mimi, na namshukuru kijana yule kila mwaka.

Mzee akasimama akingoja salamu. Nikapiga magoti nusu, udongo ukayumba. Shikamoo ilishafika kwenye meno. Nyuma Bibi akakohoa. Nikafikiria kurudi shimoni, kilomita mbili, na kuchimba upya. Nikafikiria magunia ya alizeti. Nikainua kidole nikaonyesha koo langu.

Sijui kwa nini koo. Mkono ulikwenda wenyewe.

Uso wa mzee uliokuwa umeanza kukunjamana ukalegea. Kasema pole sana mwanangu, kanishika bega, kakimbilia nyumbani kumwambia bintiye kwamba mumewe amepoteza sauti.

Nilipofika nyumbani, jogoo alikuwa amekwisha chinjwa. Sasa ningesema nini? Kwamba sauti ninayo, ila nilimpima yeye na tope nikachagua tope? Nimekunywa supu. Nashukuru sana kwa supu. Nitapona kesho.

Jumatano, 11 Juni

Sijapona. Mzee ametoa begini chupa ya asali ya nyuki ya kwao Manyoni, vijiko vitatu kwa siku, anavipima mwenyewe. Mtu huwezi kupona katikati ya dozi.

Kristina amegundua. Inasemekana naongea usingizini. Hajamwambia baba yake, na kwa hilo nilimshukuru mapema mno. Wakati wa chai kaniuliza mbele ya mzee kama ni kweli nimejitolea kuvuna shamba la bondeni peke yangu. Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Mzee kasema mkwe wake ana moyo wa ajabu, mgonjwa lakini hakatai kazi.

Nimevuna hadi saa nane. Mgongo wote unauma.

Ijumaa, 13 Juni

Kwa Bibi Agripina sauti ninayo, maana mzee hafiki huko. Bibi ananiita bubu na kucheka peke yake. Yunisi, mkwe wake, anafinyanga pembeni. Huyo wala hacheki. Ananitazama tu mikono na kutikisa kichwa.

Nimejaribu kuiba ujuzi. Tatizo ni kwamba Bibi haufichi hata kidogo. Anasema wazi: kanda udongo mpaka uchoke wewe, si udongo. Twanga vigae viwe laini. Usianike juani, anika kivulini, na kila siku geuza. Nimesikiliza kwa makini nikingoja siri yenyewe. Hakuitoa. Wazee wajanja.

Chungu changu kimesimama leo. Kusema kweli kimeinama. Nilikuwa nakijenga huku nikimtazama Bibi, nadhani kimeinamia upande niliokuwa natazama. Shingo iko kushoto na tumbo liko kulia. Bibi kakizunguka mara mbili, kasema kitaishi. Nadhani alinionea huruma. Sikukiandika M. Sikutaka jina langu lihusishwe.

Ila amenipa nafasi kwenye moto wake wa Jumamosi ya tarehe 21, chungu changu kichomwe pamoja na vyake. Nilitaka kumshukuru nikakosa maneno, jambo ambalo kwa sasa watu wamelizoea.

Jumanne, 17 Juni

Mzee Alphonce bado yuko. Asubuhi zote huja kukaa nami studio, na kwa kuwa sijibu, anaongea. Ameniambia habari za stesheni zote alizofanya kazi. Leo kaniambia habari za marehemu mama mkwe, jinsi alivyokuwa akimpelekea ugali wa moto stesheni usiku wa mvua, na kwamba tangu afariki hakuna aliyemsikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Kasema mimi ndiye wa kwanza. Kisha akaniwekea mkono kichwani akaniombea sauti irudi.

Nilijisikia vibaya mpaka kifuani. Ni baba mkwe mzuri kuliko ninavyostahili. Nilikaribia kusema. Halafu akatoa kijiko cha asali.

Jioni nilikwenda kugeuza chungu changu. Bibi na Yunisi walikuwa kisimani. Vyungu vimepangwa kivulini, kumi na vinne vyao na kimoja changu, na changu kati yao kinaonekana kama mlevi kwenye kipaimara. Hicho hakitapona motoni. Nawajua wangu, nimezika thelathini na mmoja.

Wazo likaja. Bibi haweki alama kwenye vyungu vyake, anasema mkono wake anaujua. Nikachagua kimoja cha pili kutoka mwisho, cha duara, tumbo laini limesuguliwa kwa kokoto mpaka linang'aa. Nikakigeuza. Nikatoa msumari mfukoni. M.

Udongo ulishakauka, ikabidi nikandamize. M imetoka kubwa na ya kina kirefu, hata Kristina ataisoma bila miwani. Bibi ana vyungu vingine kumi na vitatu, hatapungukiwa. Nimerudi nyumbani nikiimba. Kimoyomoyo.

Jumamosi, 21 Juni

Leo lazima niandike yote.

Moto uliwashwa asubuhi. Kuni chini, vyungu juu yake, mavi makavu ya ng'ombe, kisha majani. Kristina alikuja kushuhudia. Mzee Alphonce naye akaja, kavaa koti. Mimi nilisimama na koo langu lililofungwa kitambaa.

Saa nne hivi tulisikia mlio mmoja. Pu. Wanawake wakatazamana. Nikamwangalia Kristina kwa uso wa mtu aliyejiandaa kumzika mlevi wake kwa heshima.

Majivu yalipopoa, Bibi alianza kutoa kwa mti mrefu, kimoja kimoja, anakigonga kwa kidole na kusikiliza. Kikilia vizuri anaitikia kwa kichwa. Akafika kwenye cha duara. Kilitoka vipande viwili. Ufa ulianzia kwenye mguu wa kwanza wa M ukapanda mpaka mdomoni. Bibi akakishika kipande chenye herufi, akakipangusa, akakiweka magotini. Kristina alikwisha soma. Akanitazama, akamtazama baba yake, akasema basi, kesho magunia yanaingia.

Halafu Bibi akatoa cha mwisho. Kilichoinama. Kizima! Chekundu, kina doa jeusi la moshi tumboni, shingo kushoto vile vile. Akakigonga kikalia kama kengele.

Yunisi, anayejua fika, akauliza hiki kimefinyangwa na nani. Wanawake wakacheka. Mzee Alphonce kasema labda ni cha mtoto wa shule, lakini amejitahidi, kingefaa kunyweshea kuku. Akanyoosha mkono kukichukua. Nikakitazama. Siku kumi na mbili za maisha yangu ya ufinyanzi, hapana, miaka miwili yote, thelathini na kimoja vilivyokufa, na hiki kimesimama. Hakina alama. Hakuna wa kukisemea isipokuwa mimi.

Nikasema ni changu. Sikusema, nilipiga kelele. Mbuzi wa Yunisi alikata kamba.

Mzee Alphonce akainua mikono juu akamshukuru Mungu kwa muujiza. Ningeweza kuuacha hivyo. Nakiri kwamba nilikuwa nimeamua kuuacha hivyo. Lakini Bibi Agripina akacheka mpaka akakaa chini, akamweleza mzee habari ya sharti la udongo, mwanzo hadi mwisho.

Mzee akanigeukia. Nikapiga magoti kwenye majivu. Nikasema shikamoo baba.

Hakuitikia. Akahesabu kwa vidole. Kasema tangu Jumanne ile mpaka leo ni asubuhi kumi na mbili. Nikaelewa. Nikatoa shikamoo kumi na mbili, moja moja, na yeye akaitikia marahaba kumi na mbili, bila haraka, kila moja na uzito wake. Ilipofika ya tisa sauti yangu ilikuwa imeanza kukwama, na nilipoinua macho niliona yake pia yana maji. Kasema asali ile siwezi kuirudisha, lakini stesheni ya Saranda hajamaliza kunisimulia, na kesho nitanyamaza tena kwa hiari yangu.

Kuhusu kipande chenye M, Bibi alininong'oneza pembeni. Aliiona herufi tangu jioni ile ile niliyoiandika, kwa sababu yeye hugeuza vyungu kila siku. Aliacha aone kama nitasema mwenyewe. Alisema nimfinyangie kingine badala yake, kizuri kama kile, kiingie moto wa Jumamosi ijayo. Basi. Hakunitangaza mbele ya mzee. Nimelia kidogo nikamwambia ni moshi.

Jumapili, 22 Juni

Chungu kimeshika maji! Kristina alikijaza jioni akakiweka juu ya sahani, asubuhi akapitisha kiganja chini. Kina jasho kidogo lakini hakivuji. Nikamkumbusha kwa sauti ndogo kwamba alama haipo. Kasema hana shida na alama, hakuna mtu mwingine duniani angeweza kukiinamisha vile. Akaniita Melki.

Magunia yameingia upande wa kushoto, mimi nimebaki na upande wa kulia na dirisha. Kibao kipo. Mzee Alphonce kanywa maji ya chungu changu, kasema kwa vile kimeinama huna haja ya kukiinua. Sijui nimshukuru nani kwanza. Nimemshukuru Mungu, kisha Kristina, mzee, Bibi, na mbuzi wa Yunisi ambaye amepatikana.

Sasa nimebaki na jambo la Bibi. Mwanamke yule amenisitiri, ni lazima nimpe chungu kizuri sana, moyo wangu hautatulia nikimpa kibaya. Leo mchana nimefinyanga. Kimeinama. Nimekivunja nikafinyanga tena. Kimeinama upande wa pili.

Jioni nimepita kwao. Yunisi ameanika vipya, na kimoja ni cha duara, tumbo laini kabisa. Nimekifikiria kwa utulivu. Kitatoka nyumbani kwa Bibi na kitarudi nyumbani kwa Bibi, kwa hiyo hakuna atakayekuwa amepoteza kitu. Na kosa langu la kwanza nimelielewa vizuri, silirudii. Msumari ulikuwa unachimba sana. Safari hii nitatumia mwiba.