Kifaru Ang'oka Jino

Siku hiyo redio ya Hamdani ilitangaza mambo mengi, lakini kijiweni Kasingirima ilisikika habari moja tu, maana nyingine zote zilimezwa na upepo wa ziwani: huko Ulaya, mbwa wa polisi kastaafu. Kafanyiwa sherehe, kavishwa medali, kapewa na godoro.

"Godoro!" Leonardi alishika kiuno. Huyu ni fundi mitambo wa meli mstaafu. Wanamwita Spika kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kusema kabla yeye hajamaliza, naye huwa hamalizi. "Mimi nimestaafu mwaka wa nane huu, godoro ninalolalia ni lile alilokuja nalo mke wangu. Mbwa anapewa jipya!"

"Mbwa wa Ulaya hajakutana na kikokotoo cha pensheni," alisema Hamdani huku akimimina kahawa. Yeye ndiye mwenye birika na ndiye mwenye redio, na kwa ajili ya hiyo redio wamempa cheo cha Profesa.

Barutwanayo, fundi cherehani ambaye kila mtu humwita Bujumbura ingawa kwao ni Makamba, hukohuko Burundi, alicheka hadi kashata ikamtoka mdomoni.

Ambaye hakucheka ni mmoja tu: Telesphory, kwa jina la kazi Kamanda, mlinzi wa vichanja vya kuanikia dagaa vya kikundi cha akina mama. Miguuni pake, kamba shingoni, alilala Kifaru, mbwa aliyemnunua huko Kidahwe kwa jamaa mmoja wa kando ya barabara. Alasiri hii Scola, mwenyekiti wa kikundi, anakuja kumkagua huyo mbwa. Kamanda kamwahidi mbwa atakayekua na kuwa tishio kwa wezi mwambao mzima. Ahadi ikionekana ya uongo, kazi anapewa bwana mmoja mwenye tochi ya kichwani na filimbi, ambaye kila siku anapita vichanjani kutoa salamu zisizo na kichwa wala miguu.

"Jamani," Kamanda alisema, akafungua ngumi. "Na hiki je?"

Vichwa vikainama pamoja. Kilikuwa kijino cheupe, chembamba kama punje ya mchele.

"Chako?" aliuliza Profesa.

"Cha Kifaru. Nimekikuta kwenye bakuli lake asubuhi. Na kingine hakionekani mdomoni, nadhani kakimeza."

Spika alivuta pumzi kama anayetaka kutangaza msiba. "Kamanda, pole sana. Umepigwa. Umeuziwa mzee."

"Mzee wapi? Yule jamaa kaniapia ana miezi miwili, na mimi ninaye kitambo kidogo tu!"

"Kashusha umri! Wachezaji wa timu za vijana si wanashusha? Mtu ana ndevu na wajukuu, anacheza na watoto. Mbwa atashindwa nini?"

"Sasa mbona mdogo?"

"Kibeti! Wewe ulidhani vibeti wako kwa binadamu peke yake?"

"Tulieni, twende kitaalamu," alisema Profesa, akapunguza sauti ya redio. "Kamanda, jibu ninachokuuliza. Analala?"

"Kutwa nzima."

"Akitembea?"

"Anayumba. Miguu ya mbele inakwenda sokoni, ya nyuma inakwenda ziwani."

"Haja ndogo?"

"Haimsubiri. Jana kaimalizia ndani ya buti langu."

"Chakula?"

"Kigumu anakitazama tu. Mpaka nimlowekee."

"Na usiku?"

"Analia."

"Anakumbuka ujana wake!" Spika alipiga goti lake. "Dalili zimeeleza kila kitu. Huyo ni babu."

Bujumbura aliinua mkono kama mwanafunzi. "Analala mchana, mkojo haumsubiri, meno yanatoka, anataka vya kulowekwa. Samahani, hapa tunamzungumzia Kifaru au tunamzungumzia Spika?"

Kijiwe kililipuka. Hata Kamanda alicheka, kisha akakumbuka kazi yake, akaacha.

"Mimi nasema hivi," Bujumbura aliendelea. "Na mtoto mchanga si vilevile? Si analala, si anakojoa? Hiki ni ikibwana, mtoto wa mbwa. Meno ya utoto yanatoka, yanaota ya ukubwa."

"Wewe ubwa umesomea wapi?" Spika alifoka.

"Kwa bibi yangu. Mbwa anazaliwa macho yamefumba. Bibi alikuwa anawapulizia moshi wa tumbaku, siku zikipita yanafunguka."

"Mmemsikia? Anayefungua macho kwa tumbaku ndiye atufundishe meno! Rudi kwenye vifungo vyako, bwana."

Bujumbura akarudi kwenye kashata. Kamanda alimtazama Kifaru. Kifaru aliota ndoto, akapiga teke hewani, akaendelea kukoroma. Kwa kweli, ukimwangalia sana, alikuwa na sura ya mtu aliyeshachoka na dunia.

"Na pilipili nimempa," Kamanda alisema kwa unyonge. "Kila jioni, ile kichaa. Na nyigu siku mojamoja. Kwetu Kalinzi ndivyo mbwa anavyofanywa mkali."

"Ikawaje?"

"Alipiga chafya, akalala."

"Mstaafu halisi!" alisema Profesa. "Kijana angepigana."

"Sikiliza, Kamanda," Spika alimsogelea, akashusha sauti ambayo hata hivyo ilisikika hadi kwa wauza mawese. "Usimfiche. Mpandishe cheo. Mwenyekiti akija, mwambie huyu ni mbwa mzoefu, katumikia serikali, kaja kumalizia uzee wake kwenye dagaa. Kama yule wa redioni. Nani atakataa uzoefu?"

Kamanda hakuwa na muda wa kutafuta akili nyingine. Bodaboda ilisimama, na Scola akateremka, kitenge kimefungwa kwa ajili ya kazi.

"Mwidiwe," alisalimu.

"Mwidiwe, Mwenyekiti!" kijiwe kiliitika kwa adabu ambayo huwa hakina.

"Nimekuja kumwona huyo mtoto wa mbwa."

Kamanda alisimama wima, visigino vikagongana. "Mwenyekiti, huyu si mtoto. Ni mstaafu. Kafanya kazi bandarini, kafanya mpakani, kakamata watu hata mwenyewe kawasahau."

Scola alimtazama yeye, akamtazama mbwa. "Telesphory, wiki iliyopita uliniambia ni mtoto."

"Nilimficha umri, Mwenyekiti. Sababu za kiusalama."

Scola alichuchumaa. Kifaru akaamka, akaona pindo la kitenge, akalidaka na kulitafuna kwa bidii ambayo Kamanda hakuwahi kuiona. Scola akamshika taya taratibu, akamfungua mdomo kuelekea mwangani.

"Njooni muone."

Hakuna aliyetaka, lakini wote walisogea.

"Hapa pametoka kijino. Na hapa chini, hiki cheupe ni nini? Si jino linachomoza? Na hili jingine linakuja. Ufizi umevimba, ndiyo maana analia usiku na kutafuna kila kitu." Aliwageukia. "Mstaafu wenu anaota meno."

Spika alichungulia ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna mtu kamwita humo. Profesa akaongeza sauti ya redio. Bujumbura alifumba mdomo kwa viganja vyote viwili, mabega yakimcheza.

"Unamlisha nini?"

"Dagaa, Mwenyekiti. Wa kulowekwa."

"Na nini?"

"Na... pilipili kidogo."

"Na nini?"

Kamanda alitazama ziwa.

"Na nyigu," alisema Bujumbura.

"Mtoto anayeota meno!" Scola alisimama. "Telesphory, kama mchana kweupe hujui nani mtoto nani mstaafu, usiku utajuaje nani mwizi nani mteja?"

Kamanda aliiona kazi ikimponyoka kama samaki mgebuka kwenye mkono wenye mafuta. Akaiona tochi ya kichwani ikipita kwenye vichanja vyake. "Mwenyekiti, nisamehe. Watu hawa wamenipotosha. Mimi huyu mbwa nampenda, nalala naye kibandani, akilia namfunika na koti langu."

Scola alitazama chini. Kifaru bado alining'inia kwenye pindo.

"Sikiliza. Kazi ya ulinzi nampa mbwa. Yeye nimemwona, hana uongo. Kwa kuwa bado anakua, wewe utamlea: uji wenye dagaa wa kupondwa, maji safi, kamba ngumu ya kutafuna, usingizi aupate wa kutosha. Pilipili nikiisikia tena, tunaachana. Akifikisha mwaka nitamuuliza yeye kama bado anakuhitaji."

Akalichomoa pindo lake mdomoni mwa Kifaru, akapanda bodaboda, akaondoka.

Kijiwe kiliisindikiza bodaboda kwa macho mpaka ilipokata kona. Kisha Spika akajikohoza.

"Kwa hiyo, kwa mujibu wa taratibu za kazi, kuanzia leo bosi wako ni mbwa."

Kamanda hakumsikia. Kifaru alikuwa ameanza kuzunguka palepale, pua chini, akinusa buti. Kamanda alimbeba kwa mikono miwili, akaanza kukimbia kuelekea ufukweni.

"Kamanda! Kahawa yako hujamaliza!"

"Mnywe nyie!" alijibu bila kugeuka. "Mkuu wa kazi anataka kukojoa!"