Baba wa Watoto Kumi na Mmoja

Aliyeanzisha vurugu ni Gia Tano, na alianzisha akiwa amenyolewa nusu kichwa. Huyu ni dereva mstaafu wa malori, mtu ambaye hajui kuongea kwa sauti ya chini. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kinyozi, shuka shingoni, akisoma kipande cha gazeti ambacho fundi viatu alikuwa amefungiwa misumari dukani.

"Sikilizeni maajabu!" akapiga kelele. "Ofisi ya elimu ya wilaya inataka wazazi tuseme wenyewe tujulishwe nini kuhusu watoto wetu!"

"Wamekosa kazi," akasema Mama Birika, anayeuza chai pembeni ya benchi. "Mimi wanijulishe kitu kimoja tu, mwanangu anapeleka wapi penseli. Mwaka huu nimenunua penseli za kuezekea nyumba."

"Mimi wanijulishe siku ambazo mwalimu wa hesabu kaamka na hasira," akasema Gia Tano, "ili mjukuu wangu siku hizo augue mapema."

"Mjukuu wako haugui, anasinzia. Karithi kwako. Ulishawahi kulala kwenye mlima na lori limejaa saruji."

"Lilikuwa limesimama!"

"Lilikuwa linarudi nyuma, mzee wangu."

Benchi zima likacheka isipokuwa mtu mmoja. Fundi viatu, wenyewe wanamwita Soli, alikuwa kwenye kigoda chake, kiatu cha mteja kimepinduliwa magotini, anakigonga kuliko kilivyostahili. Binti yake, ndiye mtoto pekee aliyenaye, alikuwa amemaliza darasa la mwisho na kuomba nafasi kwenye shule ya bweni ya sayansi. Nafasi kumi na mbili, waombaji mia nne na ushei. Ofisi ilisema atakayechaguliwa, mzazi wake atajulishwa kwa ujumbe wa simu. Hii ilikuwa wiki ya tatu. Binti alikuwa kwa shangazi yake likizo, na kila jioni alipiga simu kuuliza swali lilelile, na kila jioni Soli alijibu bado mwanangu.

"Mashine," akamwambia kinyozi, kama anavyomwambia kila asubuhi. "Hamna kitu?"

"Hamna, kaka. Uzio tu."

Sasa hapa inabidi mtu aelewe jambo la aibu kidogo. Siku ya kuandikisha watoto, fomu ilidai namba ya baba, tena namba inayopatikana muda wote. Simu ya Soli betri yake ilikuwa inakata roho saa nane mchana. Ya Mama Birika iliwahi kutumbukia kwenye birika, na hilo jina lake limeanzia hapo. Gia Tano namba yake alikuwa haijui. Mtu pekee mtaani ambaye simu yake haizimiki ni kinyozi, kwa sababu inalala kwenye umeme pamoja na mashine zake. Basi mmoja akaandika namba ya kinyozi, jirani yake akachungulia akaandika hiyohiyo, ikapita mstari mzima. Kinyozi, ambaye hana mke wala mtoto wa kusingiziwa, akatoka pale ni baba wa watoto kumi na mmoja.

"Nyinyi mnacheka," akasema Mashine, akaizima mashine yenyewe. "Mnajua ninavyoishi? Wakituma ujumbe mmoja, mimi zinaniingia kumi na moja. 'Mzazi mpendwa, nyuki wameingia darasa la tano.' Kumi na moja! 'Mzazi mpendwa, nyuki wametoka.' Kumi na moja! Bendera ikifuliwa naambiwa. Mwalimu mkuu akikata kucha naambiwa. Juzi wamenijulisha kwamba hawatanijulisha chochote wikiendi."

"Mara kumi na moja?" akauliza Mama Birika.

"Kumi na moja, dada yangu! Simu ilitetemeka ikaanguka kwenye beseni la sabuni."

"Na zote unazisoma?"

"Nina wazimu? Nasoma ya kwanza. Kumi zinazobaki ni mapacha wake, nazipita tu."

Nyundo ya Soli ikabaki hewani.

"Unasoma ya kwanza tu?"

"Ya matokeo nasoma zote, kaka, zile zina utamu. Lakini uzio? Jumanne wamenitumia uzio umepakwa rangi ya kijani. Nizisome zote kumi na mbili nipate nini? Kijani ni kijani."

Gia Tano akageuka kwenye kiti, shuka na yote.

"Mashine," akasema Soli taratibu. "Una watoto wangapi?"

"Kumi na moja."

"Ya kumi na mbili ni ya nani?"

Kinyozi akaiangalia simu kama imemtukana. Akaichomoa kwenye umeme, akaanza kushusha kwa kidole gumba. Uzio. Uzio. Uzio. Uzio.

"Soma!" akafoka Gia Tano.

"'Mzazi wa mtahiniwa namba mia nne kumi na saba, hongera. Binti yako amechaguliwa. Fika ofisi ya elimu usaini fomu kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. Usipofika, nafasi atapewa mwingine.'"

"Mia nne kumi na saba ni nani?" akauliza Soli.

"Ni wako, kaka. Mimi wanangu nawajua."

"Leo ni siku gani?"

Mama Birika alikuwa tayari anazima jiko. Ilikuwa Ijumaa, saa tano na dakika ishirini na tano.

Walivyokimbia, mtaa ulidhani kuna moto. Soli mbele na aproni yake ya ngozi, nyundo mkononi amesahau kuiacha. Mashine nyuma yake na simu. Kisha Gia Tano, nusu ana nywele na nusu hana, shuka likipepea, akipiga honi kwa mdomo ili watu wapishe. Na watu walipisha. Mama Birika ndiye aliyefika wa kwanza, na mpaka leo hakuna anayejua alipita wapi.

Karani wa ofisi ya elimu alikuwa kijana mpole mwenye mafaili mpaka kidevuni. Saa ya ukutani ilisema saa sita kasoro kumi na tano.

"Mzazi wa mia nne kumi na saba!" Soli akahema. "Ni mimi. Nipe nisaini."

Karani akaangalia kompyuta yake. "Namba yako ya simu?"

Soli akaitaja.

"Samahani mzee. Baba wa huyu mtoto ana namba nyingine."

"Hiyo ni yangu," akasema Mashine, kwa sauti ndogo.

Karani akasimama. Akatoka nyuma ya meza, akampa kinyozi mikono miwili. "Shikamoo mzee! Kumbe ni wewe! Ofisi nzima tunakuzungumzia. Watoto kumi na mmoja shule moja, watano darasa moja, na hakuna siku ujumbe umekosa kukufikia! Kaa, kaa tafadhali. Nani amletee baba maji?"

"Kijana, huyu ni kinyozi!" akalia Soli.

"Kazi ni kazi, mzee. Kwani kinyozi hazai?"

"Mtoto ni wangu mimi!"

Karani akarudi kwenye kiti, uso umebadilika. Madai ya namna hii, alisema, yana utaratibu wake. Kuna maswali. "Mtoto anasoma mkondo gani?"

Soli akafungua mdomo. Mkondo? "Wa... wa asubuhi?"

"Mkondo B," akasema Mashine, hakujizuia.

"Muhula uliopita alikuwa wa ngapi sayansi?"

"Wa kwanza," akasema Mashine. "Hesabu wa pili, alikosa alama mbili tu. Mwalimu aliandika ana kipaji lakini haulizi maswali. Nilifurahi siku ile mpaka nikamnyoa mtu bure."

"Hilo hukuniambia," akasema Soli.

"Hukuuliza, kaka. Wewe uliuliza kama kuna kitu, nikasema amefaulu, ukasema vizuri."

Ilimchoma. Miaka yote hiyo alifanya kazi kwa ajili ya yule mtoto, na mtu wa kunyoa vichwa ndiye aliyejua ni wa ngapi. Akaiweka nyundo mezani, akasema polepole:

"Mimi najua anavaa namba thelathini na saba. Anakanyagia upande wa nje, kushoto kuliko kulia. Zamani alikuwa anamaliza soli mara moja kwa mwaka. Mwaka huu nimembadilishia mara nne, nikajua anapita njia ndefu ya maktaba jioni, ingawa mwenyewe anadanganya anatoka moja kwa moja. Sijawahi kumwambia kwamba najua. Haya, hayo yaandike kwenye kompyuta yako."

Mama Birika akajifuta macho kwa kanga. Gia Tano akajifuta kwa shuka la kinyozi, akajibandika nywele usoni.

"Fomu haina sehemu ya viatu," akasema karani, na yeye sauti imemlegea. Akavuta droo. "Lakini kuna hii. Fomu ya Kubadili Mzazi. Lazima baba wa sasa akubali, aandike na sababu."

Mashine akaichukua kalamu. Dakika saba. Tano. Wote wamemwinamia.

"Andika basi!" akanguruma Gia Tano.

"Ngoja! Mwenzenu naagana na mtoto!" Akaandika kwa herufi kubwa: BABA MWENYE MTOTO AMEPATIKANA. Akasaini. Soli akasaini chini yake kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Karani akaingiza namba ya Soli kwenye kompyuta, akagonga muhuri saa sita kasoro dakika moja.

Njiani kurudi hakuna aliyekimbia. Mashine alikuwa anaburuta miguu.

"Una nini wewe?" Mama Birika akamuuliza.

"Mmeninyang'anya mwenye akili. Nimebaki na kumi, na wawili kati yao ni wajukuu wa Gia Tano."

"Tusi hilo!" akasema Gia Tano, lakini hakubisha.

Mfuko wa aproni wa Soli ukatetemeka. Fundi akasimama katikati ya barabara. Akaitoa simu yake, asilimia nne za chaji zimebaki, akaisogeza mbali na macho kama wanavyofanya watu wa umri wake, akasoma kwa sauti:

"'Mzazi mpendwa. Shule zimefungwa, kwa hiyo leo hatuna jambo la kukujulisha. Asante.'"

"Upuuzi mtupu!" akasema Gia Tano. "Futa huo, utakumalizia chaji!"

"Nani afute?" Soli akamkazia macho. "Huu nimeandikiwa mimi." Akaurudia kuusoma tangu mwanzo.