Usi wa Kikwajuni na Sahani ya Matembele

Jongeeni, enyi walaji wa chipsi na urojo, mlio na chaji na mlioishiwa chaji, msikie habari za Usi bin Kificho, simba wa Kikwajuni, mpasua nazi, tishio la masufuria!

Miezi kumi tangu mama yake afariki, Usi aliishi kwa chipsi, mpaka siku moja miguu ikamlegea akidaka mpira, akaanguka golini kama gunia la mbatata. Ndipo alipojiunga na jeshi la simu: kundi la vijana ambao kila adhuhuri hutumiwa ujumbe, "Leo umekula nini?" na kila mmoja sharti atume picha ya mboga anazokula kabla ya magharibi. Anayekosa siku moja hutolewa, na ujumbe hukatika. Usi alijua fika kuwa ujumbe ule hutumwa na mashine. Lakini duniani kote hapakuwa na mwingine aliyemuuliza swali hilo.

Siku ya ishirini na tisa, shujaa akashika kisu. Akayakatakata matembele, yale yale ambayo mama yake alimpikia miaka yote na yeye akiyasukuma pembeni. Akakuna nazi mpaka kifuu kikaomba amani. Tui likataka kukatika, akalikemea, likatulia.

"Hodi!"

Ni Bi Mwanapili, malkia wa nyumba ya pili, amefuata sahani aliyoletea katlesi jana. Na kurudisha sahani ya jirani tupu ni aibu isiyofutika Unguja nzima! Shujaa akatazama huku na huku: nyumbani hamna hata tende. Akayapakua matembele yote, akampa kwa heshima, akafunga mlango. Ndipo alipoikumbuka picha.

Lo! Akaruka kizingiti, kandambili mguu mmoja.

"Shikamoo, Bi Mwanapili! Nnaomba nizipige picha mboga zako!"

"Marahaba. Nshazila nusu. Tangu lini mboga zikapigwa picha, zinaolewa?"

"Bi, jua linazama! Kila siku mashine hunuliza nimekula nini, na leo nisipojibu haitanuliza tena. Nipe matonge matatu tu, nile, nisifutwe katika daftari la mashujaa!"

"Shujaa gani anamnyang'anya ajuza tonge mdomoni? Na chumvi umetia kwa beleshi!"

Lakini akaisogeza sahani. Usi akapiga picha, akatuma, akala. Papo hapo Rahila, amiri wa kundi, akanguruma simuni: "Usi! Mkono wenye hina hapo pembeni wa nani? Umeoa bila kutualika?" Jeshi zima likacheka, na jina la Usi likabaki.

Bi Mwanapili akapangusa vidole. "Hiyo mashine yako inajua kukuna nazi?"

"Haijui, Bi."

"Basi kesho saa tano uje hapa, nikufunze tui. Na kila siku ntakupitia nione umepika nini. Nikikuta chipsi, ntakuchapa mwiko."

"Naam, Bi." Akafuta macho, akasingizia chumvi.

Na iandikwe, wajukuu wasome: saa kumi na mbili na dakika saba za jioni, hapo Kikwajuni, matonge matatu ya matembele yalishuka kooni, moja baada ya jingine, mbele ya shahidi mwenye mwiko, na katika mtaa mzima chipsi zikapoa kwa hofu.