Sampuli Arobaini za Chumvi

Jumanne, 4 Februari

Siku mbaya. Ujumbe wa simu kutoka kwa Dakta Bertilla, msimamizi wangu chuoni. Anafika Sumbawanga Jumapili. Anataka matokeo ya sampuli zote arobaini: chumvi ya dukani, kuanzia mjini hapa mpaka bondeni Ilemba, imepimwa kama ina madini joto. Arobaini! Ninazo tatu. Moja Mama ameipikia maharage.

Nisipokuwa nazo, anasema, jina langu linaondolewa kwenye uzamili wa kemia. Hata salamu kwa wazazi hakuweka.

Nikamdokezea Baba kwa mbali, kana kwamba ni habari za mtu mwingine. Baba si mjinga. Akasema chuo kikinichoka, yeye hajanichoka. Anafungua duka Ilemba na anahitaji mtu wa kukaa huko, apime misumari na mafuta ya taa mpaka aote mvi. Ilemba! Joto, mbu, na hakuna hata mmoja wa kuniita mwanasayansi.

Maskini Baba, hajawahi kuelewa ninachosoma. Mwaka wa kwanza aliamini nitarudi na sabuni. Nikamweleza kwanta, jinsi elektroni inavyoweza kuwa hapa na pale kwa wakati mmoja. Akauliza nani atainunua. Nikamweleza spektroskopia, kwamba unakimulika kitu kwa mwanga nacho kinajitaja ni nini. Akasema hiyo hata mgambo wanafanya kwa tochi. Nikamweleza kinetiki, yaani kasi ya kemikali kubadilika. Akasema kasi yangu anaijua. Halafu akasikia kwamba kilele cha masomo yote hayo, utafiti wenyewe, ni chumvi. Yeye anauza chumvi kwa jumla tangu sijazaliwa, na hana cheti chochote.

Vitus amemaliza utafiti wake. Vitus wa Pito, tunasoma wote. Anapima udongo wa mashamba ya kwao. Ana grafu za rangi nne. Anaamka mapema kwa hiari yake. Simwezi.

Jumatano, 5 Februari

Nimepata! Nilikuwa naoga. Akili kubwa hufanya kazi bafuni.

Kwa nini nizunguke maduka arobaini kwenye tope la masika? Chumvi ni chumvi. Nimechota kutoka gunia moja pale uani kwa Baba, nikagawa katika vifuko arobaini, nikabandika majina. Izia kumi, Pito kumi, na kadhalika mpaka Ilemba. Mwandiko nimebadilisha kidogo kidogo ili ionekane kazi ya siku nyingi. Kimoja nimekipaka tope. Hicho ni cha Ilemba.

Jasmin akaingia nikiwa kifuko cha thelathini na moja. Dada yangu huyu ana macho kama ya polisi wa barabarani. Akauliza kama nimeanza kuuza rejareja. Nikajitetea kisayansi. Akasema atanyamaza kwa sharti moja: nimwambie Baba kwamba duka la Ilemba litamfaa yeye, maana Baba anadai mtoto wa kike hawezi kukaa bondeni peke yake. Anaitaka Ilemba! Kwa hiari! Nikakubali haraka kabla hajapata akili.

Nimelala mchana kwa amani ambayo sijaipata tangu shahada ya kwanza.

Alhamisi, 6 Februari

Maabara. Sekondari moja hapa mjini imetuazima meza mimi na Vitus. Kazi yenyewe rahisi. Unayeyusha chumvi, unatia tindikali na iodidi. Kama madini joto yapo, maji yanakuwa manjano. Ukitia wanga yanakuwa bluu. Kisha unahesabu matone ya kuiondoa hiyo bluu. Mpango: nipime kifuko kimoja, vilivyobaki nivibunie namba za jirani.

Nikatia. Maji meupe. Nikatia wanga. Meupe! Kama maji ya kunywa.

Nikalaumu wanga, kwa kuwa niliupika mwenyewe kwa unga wa muhogo wa Mama. Nikaudondoshea iodini ya duka la dawa. Bluu ya kutisha. Wanga hauna kosa. Nikapima tena. Na tena. Sifuri.

Basi nikaamua kubuni zote. Nikaandika namba arobaini nzuri. Jasmin aliponiletea chakula akazitazama mara moja tu, akauliza kwa nini zote zinaishia na saba. Kweli, zote! Mhadhiri wa takwimu alishatuonya kwamba binadamu hajui kubuni namba. Nilidhani anawasema wengine.

Nikafikiri sana. Kisha nikaona mwanga. Mwongo huandika namba za kupendeza. Nani atamshuku mtu aliyeandika sifuri mara arobaini? Nimemtumia Dakta jioni hii. Mzigo umenitoka kichwani. Vitus, mezani kwake, alikuwa bado anasafisha flaski.

Ijumaa, 7 Februari

Nimekwisha.

Dakta alipiga simu baada ya swala. Sauti inamtetemeka. Anasema hajawahi kuona jambo kama hili. Kuanzia mjini mpaka bondeni hakuna tone la madini joto! Akanikumbusha maana yake: shingo za watu kuvimba goita, na watoto kuathirika akili wakiwa bado tumboni mwa mama zao. Hili haliwezi kusubiri. Atakuja na vifaa vyake, na Jumatatu tutapita wote, duka kwa duka, apime mwenyewe mbele yangu.

Mbele yangu!

Nikamuuliza kama hajachoka na safari. Akasema usingizi umemruka. Na mimi pia.

Vitus akanipongeza. Alisema ni matokeo mazito, na kwamba hakujua nimezunguka kiasi hicho. Alinishika mkono kwa heshima. Iliniuma kuliko kama angenitukana.

Jumamosi, 8 Februari

Mpango mpya. Mzuri kuliko wa kwanza. Kama chumvi ya uani kwa Baba ni sifuri, na Dakta anatarajia sifuri, basi chumvi ya Baba iwe kwenye kila duka kabla ya Jumatatu. Nikamwambia Baba naenda kuitafutia chumvi wateja. Macho yakamlengalenga. Akanipa magunia mawili na dua.

Shedrack akanibeba kwa bodaboda yake. Izia, duka la kwanza, mama akasema chumvi bado anayo, ya kwetu hii hii. Duka la pili hivyo hivyo. La tatu hakunijibu hata salamu. Pito, kwa Mama Rozina, nikampigia magoti kabisa. Akacheka. Akasema ana gunia kutoka kwa mzee wangu tangu kabla ya Krismasi, la pili alifanyie nini? Nikasisitiza, achukue tu, bure. Akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna shida. Akanipa kikombe cha togwa.

Hakuna hata mmoja aliyepokea. Wafipa wagumu! Wote wana chumvi ya Baba, na bado hawataki chumvi ya Baba.

Njia ya kushuka bondeni mvua ikatukuta. Pikipiki ikaserereka, magunia yakaingia mtaroni. Chumvi ikayeyuka yote mbele ya macho yangu. Miaka yote hii ya kemia, na sikuchukua turubai.

Jumapili, 9 Februari

Dakta ameshuka stendi. Mfupi, amevaa raba, ana sanduku la dawa zake mwenyewe. Nikampa shikamoo mara mbili. Baba akasisitiza afikie kwetu. Mama akapika pilau. Dakta akamsifia Baba kwa kijana mchapakazi. Baba akanitazama kama mtu anayetafuta huyo kijana amekaa wapi.

Nikaomba mvua inyeshe ikate barabara. Jioni mawingu yakaondoka yote. Jasmin akaninong'oneza nianze kufunga nguo za Ilemba, nyepesi nyepesi.

Jumatatu, 10 Februari

Pikapu ya Baba. Dakta mbele na dereva. Mimi nyuma na Vitus, maana Dakta amemwomba aje kushika chupa. Amezishika kama watoto mapacha.

Izia. Dakta akanunua chumvi, akayeyusha, akatia dawa. Nikafumba macho. Nikamsikia Vitus akisema hakuna rangi. Nikafumbua jicho moja. Maji meupe! Bahati, nikajisemea. Duka la pili, meupe. La tatu, meupe. Pito kwa Mama Rozina, meupe kabisa. Mama Rozina akaniuliza kama mambo ya nyumbani yametulia.

Hapo nikaanza kujiogopa. Nikawaza labda nina kipaji. Labda kuna watu wanaotembea kutafuta ukweli na kuna watu ambao ukweli unawafuata nyumbani.

Ilemba, duka la Adolfu. Sifuri. Dakta akaniwekea mkono begani. Akasema katika kusimamia kwake kote hajapata mwanafunzi ambaye matokeo yake yanarudiwa hivi, duka kwa duka, bila kupishana. Jamani! Pumzi niliyoibana tangu Ijumaa ikatoka yote. Nilitaka kumkumbatia Adolfu. Nilitaka kumkumbatia hata Vitus.

Ndipo Dakta akamuuliza Adolfu chumvi anaitoa wapi. Adolfu akanisonta. Kwa mzee wake huyu, akasema, sisi wote tunachukua kwake. Dakta akasema Izia na Pito wamemjibu hivyo hivyo, alitaka tu kuhakikisha.

Basi gunia langu ndilo gunia lao! Nimetoka kimasomaso. Sekunde iliyofuata nikamkumbuka Baba. Anakula, anavaa, ananisomesha kwa hayo magunia. Na wajawazito wa Pito wameila chumvi hiyo.

Jumanne, 11 Februari

Dakta aliomba kuona chumvi inakaa wapi. Baba akampeleka uani. Magunia chini kwenye udongo, midomo wazi, bati linavuja juu yake, mchana jua lote ni lao. Stoo imejaa sukari, na chumvi haiozi, Baba akaeleza.

Dakta akapima gunia lililofika jana, bado limeshonwa. Bluu kama wino! Akapima la uani. Meupe. Akamweleza Baba taratibu. Kiwandani madini joto yaliwekwa. Jua, unyevu na hewa ndivyo vimeyaondoa. Chumvi ikae ndani, imefungwa, juu ya mbao.

Baba akakaa juu ya kreti la soda. Sijawahi kumwona vile. Akauliza ni watoto wangapi. Dakta akasema goita haiji kwa msimu mmoja, chumvi ya kiangazi, bila unyevu, hutoka hapa ikiwa nzima, hii ni ya masika haya na tumeiwahi. Baba akavuta pumzi ndefu. Akasema mbovu yote irudi, anabadilisha gunia kwa gunia, na hiyo itakwenda kwa wakausha ngozi tu.

Kisha akanishika mkono mbele ya watu wote. Akasema alidhani uzamili ni kupoteza hela, kumbe mwanawe amezunguka kwenye matope peke yake, hajalalamika, amewaokoa majirani zake. Sauti ikamkatika. Nikaona aibu. Ya kweli, ya kifuani. Nilifungua mdomo niseme. Mama akaleta chapati.

Jina langu linabaki chuoni! Nilikwenda nyuma ya duka nikarukaruka peke yangu. Na kwa kuwa Baba alikuwa amelainika, nikamwambia habari ya Jasmin na Ilemba. Akakubali! Jasmin alipiga kelele mpaka wateja wakatoka nje. Amenisamehe kila kitu, pamoja na mambo ambayo sikujua anayajua.

Jambo moja tu. Lazima mtu apeleke chumvi mpya kwenye maduka yote. Baba akasema apelekwe mtaalamu, njia zote anazijua.

Ijumaa, 21 Februari

Nimemaliza. Izia, Pito, bondeni, kila duka, kila gunia begani, tope mpaka magotini. Mama Rozina amenipa togwa tena na kuniahidi maombi. Vitus alinisaidia siku mbili bila kuombwa. Tukiwa Pito akaniuliza polepole ilikuwaje nikachukua sampuli kumi kijijini kwao na asinione mtu hata mmoja. Nikamwambia mtafiti makini haonekani. Hakucheka. Lakini hatasema, namjua. Raha iliyoje!

Leo asubuhi ujumbe wa Dakta. Amefurahi mno. Anataka niongeze sura moja: chumvi ya ndani na chumvi ya uani, ipimwe kila mwezi tuone madini joto yanavyopungua. Miezi sita, Februari mpaka Agosti. Hapo ndipo nitakapohitimu.

Miezi sita ya kutazama chumvi! Kidogo nilie. Lakini mimi sikukaa bure darasani. Kinetiki: joto likizidi, kasi inazidi. Linalofanywa na jua kwa miezi sita, mkaa unashindwa nini? Nimeazima kikaango cha Mama. Robo saa ni mwezi mmoja. Ya uani ninaifunua, ya ndani ninaifunika sufuria. Hakuna haja ya kumsumbua Dakta na habari za kikaango.

Naandika haya jikoni. Hapa tayari ni Juni. Kabla ya chai ya jioni, tukijaaliwa, itakuwa Agosti.