Nyanja Mbili Zinazotazamana

Jumatatu, 3 Machi

Vigingi vyekundu vimechomekwa katika uwanja ulio mbele ya nyumba yetu. Nimeviona nilipotoka kunywa chai barazani. Nimemwuliza mpimaji ardhi aliyekuwapo anafanya nini pale. Akasema, bila hata kuinua kichwa, kwamba wanapanga kituo cha mabasi.

Kituo cha mabasi! Mbele ya baraza langu! Tangu nistaafu kufundisha sarufi nimekaa hapa kila alasiri bila kusikia kelele inayozidi ya kunguru.

Shemeji yangu amekuja mbio kunipa pole. Yeye ni kaka wa mke wangu, fundi cherehani, na duka lake liko pale pembeni mwa mtaa. Pole yenyewe ya uongo: meno yote yalikuwa nje. Anasema abiria akisubiri huchoka, akichoka hutazama madirisha ya maduka, na akitazama sana hununua shati. Kisha akaniambia nisihuzunike, kwani nitaletewa watu wa kusahihisha hadi mlangoni. Sikucheka.

Mke wangu anasema mpango huo unajadiliwa na Jukwaa la Mipango Miji la Kanda, na kwamba mkazi yeyote anaruhusiwa kujiunga. Nimesema nitajiunga. Ameniuliza nitawasaidia nini. Nimemjibu kwamba nitawasaidia wasijenge.

Jumatano, 5 Machi

Nimejiunga. Jukwaa hukutana katika ukumbi ulio juu ya zahanati: viti vya plastiki, feni moja inayozunguka kwa kusitasita, ramani kubwa ukutani. Mwenyekiti ni muuguzi mstaafu ambaye wote humwita Sista. Amenikaribisha na kuniuliza nataka kikundi gani: usafiri, maji, taka au mifereji. Nikasema usafiri, maana ndicho kinachopanga vituo.

Usafiri kimejaa. Na nani amekijaza? Shemeji! Yumo tangu mwaka jana, na ana kiti chake chenye mto alioushona mwenyewe. Mke wangu alijua. Anasema sikumwuliza.

Rasimu ya mpango ikasomwa. Msomaji akasema "eneo ambalo liko wazi". Nikanyoosha mkono: "lililo wazi". Akaendelea, akasema "kwenye mtaa". Nikanyoosha mkono: "mtaani". Akasema "mabasi yanayokuwa yanapita". Hapo sikunyoosha mkono, nilisimama. Sista akashusha pumzi, akapendekeza kwamba Mwalimu apewe rasimu yote akaisahihishe nyumbani, wengine wapate kumaliza kikao. Makofi yakapigwa. Walidhani wananinyamazisha, kumbe wamenikabidhi mji!

Ijumaa, 7 Machi

Nimeipata sentensi. Imo katika sehemu inayohusu mtaa wetu: "Viwanja viwili vinavyotazamana mwishoni mwa mtaa vitumike kwa ujenzi na makazi kama ilivyo katika ramani."

Nimekwenda ofisini kwa mchora ramani, binti mmoja mpole mwenye kalamu masikioni kote kuwili. Nimemwuliza, kama mtu asiye na haja kubwa, iwapo kiwanja na uwanja ni kitu kimoja kwao. Akasema la hasha. Kiwanja ni kipande chenye mwenyewe, hujengwa. Uwanja ni nafasi ya watu wote, haujengwi na wala hauzungushiwi ua. Kwenye ramani viwanja ni rangi ya chungwa na nyanja ni kijani. Kompyuta hufuata neno lililo katika rasimu, basi.

Nimemshukuru kwa utulivu. Moyoni nilikuwa nikiruka kichura.

Kazi yenyewe haikunichukua muda. Uwanja ule umekatwa na njia ya miguu, kwa hiyo kuna kipande cha kulia na kipande cha kushoto. Hivyo ndivyo "viwili vinavyotazamana". Wingi wa uwanja ni nyanja. Wanaosema viwanja wanachanganya ngeli, na sitawavumilia. Nikaandika: "Nyanja mbili zinazotazamana". Uwanja haujengwi, kwa hiyo "kwa ujenzi" ikaondoka yenyewe. Neno "makazi" nalo nimelifuta kama kosa la mwandishi. Nani anakaa uwanjani? Mbuzi?

Sasa sentensi inasomeka: "Nyanja mbili zinazotazamana mwishoni mwa mtaa zitumike na watu wote." Upatanisho wa kisarufi haukosei hata mahali pamoja. Nimeisoma kwa sauti. Nimeisoma tena kwa sauti.

Jumatano, 12 Machi

Imepita! Sista ameuliza kama masahihisho yangu yamebadilisha maana popote. Nimejibu kwamba nimerekebisha ngeli tu. Waliposikia neno ngeli wote wakainamisha vichwa, kama wanafunzi wanaoogopa kuitwa ubaoni. Hakuna aliyeuliza swali. Mikono ikanyooshwa.

Shemeji naye amenyoosha, na baadaye akaanza kukitafuta kituo chake kwenye karatasi. Aligeuza mbele, akageuza nyuma. Akanifuata ngazini akaniuliza kituo kimekwenda wapi. Nimemwambia asome vizuri, majibu yote yamo. Akasema yeye anasoma futi na inchi, si mafumbo. Niliteremka ngazi taratibu, ili anione vizuri mgongoni.

Nyumbani nimemweleza mke wangu kwamba mbele yetu patabaki wazi milele. Alikuwa anamwagilia miche yake. Upande wote wa mbele wa nyumba ni bustani yake ya miche: maua, mipapai, milimau, kila mmoja ndani ya kopo lake. Ndiyo kazi yake, na wateja humfuata kutoka mbali. Amesema ni vizuri, ila kituo kingemletea wateja wa karibu. Nimemwambia asiwaze kama kaka yake.

Jumamosi, 15 Machi

Ramani mpya imebandikwa ukutani nje ya zahanati ili wakazi waione. Nimevaa koti kwenda kuitazama.

Uwanja: kijani. Safi.

Ng'ambo ya uwanja: kijani.

Nimepangusa miwani. Ng'ambo ya uwanja kuna nyumba moja tu. Yetu. Haikuwapo. Mahali pa bustani ya mke wangu pamechorwa benchi na bembea.

Vile viwanja viwili vinavyotazamana! Havikuwa vipande vya kulia na kushoto. Kimoja ni uwanja na kingine ni mimi! Na yale makazi niliyoyafuta ni makazi yangu.

Nimerudi haraka, lakini si haraka ya kutosha. Mama mmoja jirani alikuwa ameshatandika mkeka katikati ya mipapai, watoto wake wanakimbizana nyuma ya milimau. Akaniamkia kwa adabu zote. Akasema wamefurahi sana, mtaa ulihitaji mahali pa kupumzikia, na je, choo kitakuwa upande gani?

Shemeji alisimama barabarani, utepe wa kupimia shingoni. Akanipigia saluti. Akapaza sauti kwamba shemeji yake ni mtu wa watu, ametoa hadi ua wake, na kwamba yeye atashona pazia la chumba chetu cha kulala bure, maana tutakuwa tunatazamwa.

Mke wangu hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Aliokota kopo lililopinduliwa, akaurudisha mche, akaushindilia udongo kwa kidole gumba. Kisha akasema, "Baba, uwanja wako huo, uurudishe ulikoutoa."

Jumatatu, 17 Machi

Ofisini kwa mchora ramani tena. Amenisikiliza hadi mwisho. Anasema dawa ni rahisi: kikao cha Jumatano kinaweza kuirudisha sentensi ya zamani. Baada ya hapo mpango unakwenda kandani na hautaguswa tena.

Nimemwuliza kama anaweza kurudisha kiwanja kimoja tu, changu, na kuuacha ule wa mbele uwe uwanja. Akasema vimo katika sentensi moja, na sentensi hurudishwa nzima. Vinarudi pamoja au vinabaki pamoja. Akaongeza kwamba ua wangu utakuwa mzuri, kwani kuna mti wa kivuli.

Kwa hiyo nina mambo mawili. Ama nirudishiwe nyumba pamoja na kituo mlangoni, ama nibaki na uwanja mtulivu wenye bembea chumbani. Mke wangu anasema hakuna la kufikiri hapo. Amekwisha kuwaambia wateja wawili kwamba hajui kama atakuwapo mwezi ujao. Aliwaambia mbele yangu, bila kunitazama.

Nimefikiri hata hivyo. Mchora ramani ana maneno mawili tu. Basi tatizo si langu, ni la uhaba wa maneno! Linatakiwa la tatu: mahali palipo wazi kama uwanja lakini penye mwenyewe kama kiwanja. Tuna kitabu, tuna kijitabu. Tuna mto, tuna kijito. Basi uwe uwanja, na kiwe kijiwanja.

Kijiwanja! Nimelala usingizi mzuri wa alasiri, wa kwanza tangu Jumamosi.

Jumatano, 19 Machi

Ukumbi ulijaa hadi ngazini. Mke wangu amekuja pia, kwa mara ya kwanza, akakaa safu ya nyuma akiwa na udongo kwenye kucha.

Nilieleza udogishaji kwa utaratibu, tangu mzizi wa neno. Nilisema ule wa mbele ni uwanja na wetu ni kijiwanja. Kicheko kilianzia safu ya maji, kikaenda taka, kikaishia usafiri. Sista akagonga meza, akauliza kijiwanja ni nini hasa. Nikasema ni mahali ambapo watu wengine hawajengi wala hawaingii. Mchora ramani akauliza, kwa nia njema kabisa, apake rangi gani. Nikasema kijani kilichopauka.

Shemeji akasimama. Akasema, "Shemeji, hicho ni kiwanja kilichovaa suti."

Sista alikuwa bado anawanyamazisha watu mke wangu aliposimama. Hakunyoosha mkono. Akasema pale ni nyumbani kwake. Anaotesha miche pale, anaiuza, na watu wanakanyaga. Akasema yeye hajui kijiwanja na wala hajui nyanja, anajua mlango wake uko wapi. Akaomba yaandikwe yale yaliyoandikwa mwanzo.

Sista akamkumbusha kwamba hapo kituo nacho kitarudi, mbele yake kabisa. Mke wangu akasema kije.

Sista akapigisha kura. Shemeji alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, na hakutabasamu. Alikuwa anamtazama dada yake. Mikono yote ikafuata, isipokuwa wangu. Sikupinga. Ila Sista alikuwa amesema "wanaokubali, nyoosha mikono", na kiima cha wingi hakichukui kitenzi cha namna hiyo. Nilingoja alirudie swali kwa usahihi. Hakulirudia.

Nyumba yetu imerudi kwenye ramani. Rangi ya chungwa. Tulirudi nyumbani kwa miguu, na kwenye kona ya duka mke wangu alinishika mkono kuvuka barabara.

Jumapili, 23 Machi

Mke wangu amesogeza makopo yote karibu na barabara, yale ya maua mbele. Ameanza kuimba. Shemeji amekuja kupima mahali pa kutundika kibao cha biashara yake, na akaniuliza kama "shati" lina wingi. Nimemweleza hadi akaomba ruhusa ya kwenda.

Sista ameleta salamu. Jukwaa linanishukuru kwa kazi ya uhariri na limeona nipumzike. Nitahamia kikundi cha mifereji, ambako, anasema, hakuna maandishi mengi.

Nimetafakari kwa haki kilichotokea. Sarufi yangu haikuwa na kosa. Nilishindwa kwa sababu nilileta neno la tatu mahali penye nafasi ya mawili. Fundi mzuri hutumia maneno yaliyopo.

Rasimu ya mifereji ni ukurasa mmoja tu. Wanataka kupitisha maji machafu nyuma ya jiko letu, karibu na dirisha ninapopenda kusomea. Nimeisoma yote nikiwa nimesimama. Mstari wa pili wameandika "mfereji". Mstari wa nne, jambo lile lile, wameandika "mtaro".

Mke wangu ameniuliza ninatabasamu nini. Nimemwambia si kitu.