Mahari ya Loveness

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nimetoka ofisi ya kodi nimevimba kwa hasira. Eti nilipoitafutia kampuni ya vipuri fremu ya duka hapa Masumbwe, mwenye jengo alinipa cha juu kwa siri ili nikubali pango kubwa, na cha juu ni mapato. Nani kawaambia? Donatus, dalali mwenzangu, mfitini asiye na haya. Nimekana kabisa. Sikupokea hata shilingi. Na ni kweli: nilipokea ng'ombe sita, wako Samuye kwa kaka yangu Makoye.

Jumanne, 5 Agosti
Wameshajua habari za ng'ombe. Donatus tena! Eunice, binti wa kodi, kaniuliza kwa upole wametoka wapi. Upole wake umeniudhi kuliko matusi. Nikamjibu ni mahari ya binti yangu Loveness. Kasema Alhamisi nilete ndugu wa kuthibitisha. Nimempigia Makoye. Nalala kwa raha.

Jumatano, 6 Agosti
Makoye hakuja peke yake. Kaja na shemeji yangu Mayala, amekunja sura. Anauliza tangu lini binti wa dada yake anaolewa kimyakimya, mjomba hajala chochote. Nikamnong'oneza kuwa hakuna ndoa, ni maneno ya kodi tu. Akasema vizuri, basi kesho atamweleza Eunice hivyohivyo. Mnyang'anyi! Nimemkubalia mgao. Makoye naye akadai wake, na wa shangazi.
Loveness hasemi na mimi. Mchumba wake, mwalimu wa Bugarama, kasikia ameolewa. Hapokei simu. Mtoto amelia mchana kutwa, mama yake ananiangalia kama mwizi. Mwizi ni Mayala.

Alhamisi, 7 Agosti
Mashahidi wamesema vizuri mno. Mayala hata kamtungia bwana harusi jina. Eunice ameridhika, faili limefungwa. Nikatoka kifua mbele. Nje Makoye akaniarifu kuwa ng'ombe wamegawanywa tangu alfajiri. Nimebakiziwa ndama mmoja, tena anachechemea. Naandika kwa hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimepata dawa yao. Nitatangaza ndoa imevunjika! Mume anarudisha mke, anadai mahari yake, na kila aliyekula atatapika; hawawezi kukana, wameshathibitisha wenyewe mbele ya Eunice. Kilichobaki ni mume wa kuja kudai. Nimezunguka mji mzima, wote wameniona kichaa. Amekubali mmoja tu, Donatus, kwa malipo ya ng'ombe mmoja. Kaapa hatamwambia mtu, nami nimemwamini.